Deki nzima, kanda tupu: uchambuzi wa kisa cha kurekodi televisheni nyumbani baada ya analojia kuzimwa

Malalamiko yalikuwa mafupi: deki inarekodi chenga. Mwenye nayo ni muuguzi wa zamu za usiku, anaishi Temeke na mama yake mzazi pamoja na watoto wawili. Kwa miaka mingi alikuwa akiitegesha deki yake ya VHS irekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na siku za tamthilia aliiacha iendelee mpaka kipindi kiishe. Asubuhi akirudi kazini anaoga, anakunywa chai, anaangalia kanda, analala. Kanda zake za kila siku zilikuwa mbili tu, zikipokezana, kipya kinarekodiwa juu ya cha juzi.

Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia, mfumo wa zamani wa kurusha televisheni, ikazimwa Dar es Salaam. Jiji ndilo lilitangulia. Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya zikafuata kwa zamu katika miezi ya mwanzo ya 2013. Makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 yaliweka mwisho wa analojia kuwa Juni 17, 2015, kwa hiyo Tanzania iliwahi. Kwa mtu wa kawaida, kuwahi huko kulimaanisha jambo moja: nunua king'amuzi, la sivyo unaangalia chenga. Muuguzi wetu alinunua mapema, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Televisheni ikaonyesha vizuri kuliko zamani. Deki ndiyo ikaachwa nyuma, wala hakuna aliyemwambia kwamba itaachwa. Matangazo yote ya redioni na kwenye magazeti yalizungumzia kutazama. Kurekodi hakukutajwa.

Kabla ya kuniita, fundi mwingine wa mtaani alishamwambia hedi za deki (vichwa vinavyosoma na kuandika kanda) zimeisha na inabidi zibadilishwe. Ni jibu linaloleta hela, na mwaka ule liliwaingia watu wengi, kwa sababu deki nyingi zilianza "kuharibika" wiki moja.

Deki ilipimwa kwanza

Kabla ya kugusa waya wowote niliomba kanda ya zamani. Bibi (ndivyo tulivyomwita wote, mimi na wajukuu zake) akatoa kanda ya harusi. Ilicheza: picha imetulia, sauti safi, mstari mwembamba tu wa kelele chini ya skrini, wa kawaida kwa kanda ya umri ule. Hedi zilizoisha hazichezi hivyo. Nikachomeka waya za AV (za picha na sauti) kutoka kwenye king'amuzi mpaka kwenye matundu ya mbele ya deki, nikabonyeza kitufe chekundu, nikarekodi dakika chache, nikarudisha nyuma. Picha ikaonekana. Kwa hiyo deki ilikuwa inasoma, inaandika, na taima yake inafanya kazi kama saa.

Kilichokufa ni masikio yake. Ndani ya kila deki ya VHS kuna tyuna, kifaa kinachochagua masafa ya kituo kutoka kwenye waya wa antena. Tyuna ile ilitengenezwa kushika analojia, basi. Usiku saa mbili kamili deki iliamka kama ilivyoagizwa, ikaenda kwenye chaneli namba 5 kama ilivyoagizwa, ikakuta hewa tupu, na ikarekodi hewa tupu kwa utiifu mpaka muda ukaisha.

Hapa inafaa kueleza kidogo kilichobadilika angani, kwa sababu hatua zote zilizofuata zinasimama juu yake. Kwenye analojia kila kituo kilikuwa na masafa yake peke yake. Dijitali ni daladala: masafa yale yale sasa yanabeba vituo kumi au zaidi, vimebanwa, vimechanganywa, kila kimoja kina namba yake ya kukitambulisha. King'amuzi kinashika gari zima, kisha kinamshusha abiria unayemtaka. Deki haijui kushusha abiria. Inaona gari linapita, na kwake ni kelele.

Walivyokuwa wameunganisha

Waya wa antena uliingia kwenye king'amuzi. Nyuma ya king'amuzi kulikuwa na tundu la pili la antena, la kutokea, na aliyefunga alipitisha waya hapo mpaka kwenye deki, kisha kutoka deki mpaka televisheni. Waya za rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, zikaenda kwenye televisheni moja kwa moja.

Kwa macho mpangilio huo unaonekana kamili: kila kitu kimeshikana na kila kitu. Kosa liko kwenye tundu la pili. Watu wengi walidhani linatoa picha iliyokwisha kung'amuliwa. Kwenye ving'amuzi vingi vya bei nafuu tundu hilo linapitisha tu mawimbi yale yale ya antena, mabichi, jinsi yalivyoingia. Vipo vyombo vyenye uwezo wa kuigeuza picha kuwa chaneli ya analojia na kuitoa kwenye waya wa antena, kama deki yenyewe inavyofanya ikipeleka picha kwenye televisheni ya zamani. King'amuzi chake hakikuwa na kitu hicho. Kwa hiyo deki ilikuwa ikilishwa dijitali mbichi na kutakiwa iisome.

Waya tatu

Tiba ya kwanza haikugharimu zaidi ya seti moja ya waya. King'amuzi kikatoa picha na sauti kwa waya tatu kwenda kwenye matundu ya nyuma ya deki. Deki ikatoa kwa waya tatu nyingine kwenda televisheni. Antena ikaishia kwenye king'amuzi. Kwenye deki, badala ya chaneli 5, ikachaguliwa ile inayoandikwa AV au L1, ambayo kwa deki nyingi iko chini ya chaneli namba 1 ukibonyeza kurudi nyuma. Matundu ya mbele mara nyingi ni L2, na hapo ndipo wengine walipotea: waya ziko nyuma, taima imesetiwa L2, kanda inatoka nyeusi.

Jambo la kuangalia zaidi ni taima. Orodha yake ilikuwa bado imeandikwa chaneli 5 kila siku saa 20:00. Ukiiacha hivyo, unaweza kubadilisha chaneli kwenye deki kwa mkono mara mia, lakini ikifika saa ya kurekodi inarudi kwenye 5. Tukafuta yote na kuandika upya, kila mstari ukisoma L1.

Usiku ule taarifa ya habari ilirekodiwa. Usiku uliofuata pia. Halafu yakaanza.

Kanda moja ilikuwa na dakika chache za habari, kisha katuni mpaka mwisho. Nyingine ilikuwa na habari yote, lakini katikati ya skrini kulikuwa na menyu ya king'amuzi iliyosahaulika wazi, na mtangazaji anasoma nyuma ya orodha ya lugha. Nyingine ilikuwa na ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha, saa nzima, mweupe juu ya bluu. Na moja ilikuwa nyeusi kabisa ingawa hakuna aliyegusa kitu. Hiyo ndiyo iliyonisumbua, na ilitokana na mpango wa kuokoa umeme uliofichwa kwenye menyu. Ving'amuzi vingi vikikaa saa tatu au nne bila kubonyezewa rimoti vinajizima vyenyewe. Muuguzi alikiacha kwenye chaneli saa kumi jioni anapotoka. Bibi alikwenda kwa jirani. Kabla ya saa mbili usiku king'amuzi kilikuwa kimelala, deki ikaamka peke yake na kurekodi giza. Tukauzima mpango huo kwenye menyu na tatizo hilo halikurudi.

Matatizo mengine hayakuwa na kitufe cha kuzima.

Nani anabadilisha chaneli?

Swali hili ndilo nimekuwa nikiwauliza wote walioniletea shida ya namna hii tangu hapo, kabla sijauliza aina ya deki wala ya televisheni. Zamani jibu lilikuwa: kila chombo kwa nafsi yake. Televisheni ilikuwa na tyuna, deki ilikuwa na tyuna. Deki ikirekodi habari, bibi anaangalia taarabu kwenye kituo kingine, wala hawagombani. Hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa uwezo wa pekee. Lilikuwepo tu, kama maji ya bomba siku yanapotoka.

Baada ya Desemba 31 nyumba ikabaki na tyuna moja inayofaa kitu, ile ya king'amuzi. Televisheni inaonyesha anachotoa king'amuzi, deki inarekodi anachotoa king'amuzi, na mwenye rimoti ndiye anayeamua kwa niaba ya wote. Taima ya deki inaweza kuiamsha deki. Haiwezi kumwambia king'amuzi ahamie kituo fulani. Walichopoteza watu ni tyuna ya pili, na fundi akikuuzia hedi mpya, deki mpya au waya wa dhahabu, hakurudishii hiyo.

Kabla ya kufika kwenye ufumbuzi, familia ilijaribu sheria za nyumbani. Karatasi ilibandikwa juu ya king'amuzi: USIGUSE, INAREKODI. Haikusaidia, kwa sababu wanaogusa walikuwa mbali, kwenye kochi, na rimoti. Ndipo muuguzi akaanza kuondoka na rimoti kwenye mkoba wake. Nilimwuliza kama kweli anakwenda nayo wodini.

"Fundi, nisipokwenda nayo wataitafuta mpaka uvunguni."

Bibi akalalamika, na alikuwa na haki: kila jioni amefungiwa kwenye kituo kimoja kama abiria wa basi la mkoani. Mjukuu mdogo ndiye aliyegundua kwamba king'amuzi kina vitufe viwili vidogo ubavuni, vya kwenda mbele na kurudi nyuma. Rimoti ikarudi nyumbani.

King'amuzi cha pili

Njia iliyo nyoofu ni kurudisha tyuna ya pili kwa kununua king'amuzi cha pili, kiwe cha deki peke yake. Antena moja inatosha vyote viwili ukitumia kigawanya waya, mradi mawimbi yana nguvu. Pale Temeke yalikuwa nazo, ila kwenye nyumba za mbali kugawanya waya kunaweza kuifanya picha ianze kukatikakatika vipande vya mraba. Kuhusu malipo, vituo vya bure havikuhitaji kifurushi, na alichokuwa akirekodi ni vituo vya bure. Gharama ikawa ya chombo tu.

Alinunua cha aina ile ile kwa sababu ndicho alichokizoea. Kwenye karatasi ni uamuzi mzuri. Kwenye meza, ving'amuzi viwili vya aina moja vikikaa pamoja vinatii rimoti moja. Bibi akibonyeza 3 kwenye televisheni yake, cha deki nacho kinakwenda 3. Tulikuwa tumenunua tyuna ya pili na bado ina bwana yule yule.

Dawa ilikuwa kipande cha tepu nyeusi ya fundi umeme kilichobandikwa juu ya jicho la king'amuzi cha deki. Muuguzi akitaka kubadilisha kituo anakibandua, anabonyeza rimoti, anakibandika. Ukiwa na meza nyingine au chumba kingine, hamisha huko kimoja uishie hapo. Wao walikuwa na kabati moja. Wapo waliolikwepa tatizo kwa kununua cha kampuni tofauti, na huo ni ujanja mzuri kama vituo unavyovitaka vinapatikana kwa wote wawili.

Mpango huu ulikaa imara. Upungufu wake ni kwamba unarekodi kituo kimoja tu kwa usiku mzima, kile ulichokiacha. Kwa muuguzi ilitosha siku nyingi. Kwa mtu anayetaka habari kwenye kituo hiki saa mbili na mpira kwenye kile saa nne, hautoshi. Jambo dogo lingine: picha za dijitali nyingi ni pana, 16:9, na televisheni yake ilikuwa ya mgongo, 4:3, kwa hiyo watu kwenye kanda walitoka wembamba na warefu mpaka tulipokwenda kwenye menyu ya king'amuzi na kuchagua skrini ya 4:3 yenye mistari myeusi juu na chini.

Flashi

Kufikia 2014 ving'amuzi vyenye kurekodi kwenye USB vilikuwa vimeenea madukani. Hapa mantiki inageuka: chombo chenye tyuna ndicho kinachorekodi, kwa hiyo taima yake inaweza kuchagua kituo. Kwa kisa hiki ndilo jibu sahihi, na kama kingekuwepo nyumbani kwake siku ya kwanza, nusu ya habari hii isingekuwepo.

Ila tundu la USB peke yake si ushahidi. Kuna ving'amuzi ambavyo tundu hilo ni la kuingizia programu mpya au kuonyesha picha za simu, hakuna zaidi. Kuna vinavyorekodi vituo vya bure na kukataa vya kulipia. Njia ya kujua ni moja: nenda dukani na flashi yako, omba wakichomeke kwenye antena, bonyeza kitufe cha kurekodi mbele ya muuzaji, kisha cheza ulichorekodi. Muuzaji akikwambia "kinarekodi, wewe chukua tu," kiache.

Kinachoandikwa kwenye flashi ni mkondo ule ule uliotoka angani, haukugandamizwa upya, kwa hiyo ubora wake ni sawa na ulioonekana jioni ile. Kanda ya VHS haifiki hata karibu. Ukubwa unategemea kituo: kinachotumia megabiti 3 kwa sekunde kinakula gigabaiti 1.35 hivi kwa saa. Flashi nyingi huja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kwa kituo hicho, ukomo huo unafika baada ya saa tatu na kidogo. King'amuzi kilichotengenezwa vizuri kinafunga faili na kufungua jingine. Kibaya kinaacha kurekodi bila kusema.

Flashi yenyewe inaweza kuwa ya uongo. Zipo zilizoandikwa GB 32 na ndani ni 4, zimechezewa ili kompyuta isome 32. Zinapokea kila unachoandika, jina la faili linaonekana, ukubwa unaonekana, na ukilifungua halina kitu. Muuguzi alipata moja ya namna hiyo, ya bei chee. Tuliijua kwa kuijaza mafaili kwenye kompyuta mpaka pomoni na kuyasoma tena: ya mwanzo yalifunguka, mengine yote yalikataa.

Muuguzi alishanunua king'amuzi cha namna hii, ila kabla ya kufurahi likaja suala la saa. Aliseti taima 20:00, kituo sahihi, kila siku. Asubuhi akakuta kipindi cha saa tano usiku. Siku ya pili vile vile. Akaniambia kwa simu kwamba kipya ni kibovu kuliko deki.

King'amuzi hakina saa unayoizungusha kama ya deki. Kinachukua muda kutoka angani, kwenye mkondo wenyewe, nao unatumwa kwa saa za kimataifa. Kisha kinaongeza tofauti ya nchi kulingana na mpangilio wa kwenye menyu. Chake kilikuwa kimeachwa GMT 0. Sisi tuko +3. Kwa king'amuzi, saa 20:00 ilifika pale Temeke ilipokuwa 23:00. Ukiangalia kona ya menyu utaiona saa yake. Saa mbili usiku ilikuwa inasoma 17:00, na hakuna aliyeitazama kwa sababu anayetaka saa anaangalia simu. Tukaweka +3, basi.

Ukirekodi kwa kuchagua kipindi kwenye orodha ya vipindi, kosa hili halikupati, maana orodha na saa vinakosea pamoja na kurekebishana. Lakini kwa vituo vingi vya hapa miaka ile orodha ilikuwa tupu au ya wiki iliyopita, kwa hiyo ulilazimika kuandika muda kwa mkono. Na ukiandika kwa mkono, kumbuka mashine haijui saa mbili yetu. Mtoto wa kwanza wa muuguzi aliwahi kumwandikia bibi taima ya 02:00 na kumpatia saa nzuri ya matangazo ya saa nane usiku.

Umeme ukikatika, deki ya zamani ilikuwa inasahau saa na kuanza kuwaka sifuri. King'amuzi kinapata saa yake tena umeme ukirudi, na taima haifutiki. Udhaifu wake uko katikati ya kurekodi: faili ambalo halikufungwa vizuri linaweza kupotea lote. Kanda, hata umeme ukikatika mara tano, kilichokwisha kuandikwa kimeandikwa. Muuguzi aligundua hilo mwenyewe siku Luku ilipoisha saa mbili na nusu, na tangu hapo Jumatatu ni siku ya kununua umeme hata kama bado upo.

Je, bibi anaweza kuangalia kituo kingine wakati king'amuzi kinarekodi? Kwa baadhi, ndiyo. Mradi kituo hicho kimo kwenye masafa yale yale na kinachorekodiwa. Tyuna imeshika gari moja, na aliyemo ndani yake anaweza kushuka. Aliye kwenye gari jingine hapatikani. Tulikaa na bibi tukajaribu kituo kimoja kimoja, rekodi ikiendelea, na kuandika kwenye daftari vinavyofunguka. Vilikuwa vya kutosha kumfanya aridhike, ingawa kile cha taarabu hakikuwemo.

Novemba 5, 2015

Siku hiyo, Alhamisi, Dkt. John Magufuli aliapishwa kuwa Rais, Uwanja wa Uhuru, si mbali na kwao. Muuguzi alipangiwa zamu ya mchana. Bibi alitaka kanda, kitu cha kushika mkononi. Muuguzi alitaka flashi. Nyumba ilikuwa na vyombo vyote: deki yenye king'amuzi chake chini ya tepu nyeusi, na kile kipya chenye USB. Vikarekodi vyote.

Kanda ya E-180 kwa mwendo wa kawaida ni saa tatu. Matangazo ya moja kwa moja yalianza asubuhi mapema, watu wakionyeshwa wanavyoingia uwanjani, na kama tungeacha mwendo wa kawaida kanda ingeisha kabla ya shughuli yenyewe kumalizika. Tuliweka LP, mwendo wa nusu, unaozaa saa sita kwa kanda ile ile huku picha ikipungua ubora. Kiapo kimo. Nyuso za mbali zimefifia, lakini bibi haangalii nyuso za mbali.

Flashi ilitoa mafaili mawili. Mkato ulianguka katikati ya matangazo, na kati ya faili la kwanza na la pili kulipotea muda mfupi, kama wa kuvuta pumzi. Yote yalifunguka kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, safi. Kwa upande wa kuhifadhi, flashi ilishinda bila ubishi. Kwa upande wa matumizi, bibi alicheza kanda yake jioni ile ile mwenyewe, na flashi ilisubiri mpaka mjukuu arudi kutoka shule.

Mwenye kibanda umiza wa jirani alisikia na kuja kutaka nakala ya kuonyesha kwa kiingilio. Muuguzi alimkatalia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtu nafasi ya kunakili kwa matumizi yake binafsi. Kukusanya watu na kuwatoza kiingilio ni jambo jingine, na asingeweza kujificha nyuma ya nafasi hiyo.

Baada ya hapo

Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji. Ushauri wangu kwa muuguzi ukabadilika tangu hapo: asiitumie tena deki kurekodi vipya, aiache nguvu zake kwa kanda za zamani zinazosubiri kuhamishiwa kwenye kompyuta. Unyevu wa pwani unaotesha ukungu kwenye kanda hausubiri, na ukungu ukiingia kwenye hedi unazichafua kanda nyingine zote zinazofuata. Kila kanda sasa inafunguliwa kifuniko na kuangaliwa pembeni kwa tochi kabla ya kuingia. Yenye unga mweupe inawekwa kando.

Kisha umeme ulirudi na kishindo siku moja na king'amuzi cha USB kikaungua. Flashi ilipona. Tulipoichomeka kwenye kompyuta, habari na vipindi vya vituo vya bure vilifunguka kama kawaida. Tamthilia za vituo vya kulipia hazikufunguka, wala kwenye king'amuzi kingine cha aina ile ile: zilikuwa zimefungwa kwa ufunguo wa kile kilichoungua. Majina yapo, tarehe zipo, gigabaiti zipo. Hakuna fundi wa kuzifungua, na anayekwambia anaweza anataka hela ya usafiri.

Tangu hapo muuguzi ana utaratibu mmoja. Rekodi za vituo vya bure anazihamishia kwenye kompyuta wiki hiyo hiyo, na kwenye flashi ya pili zile anazozipenda. Za kulipia anaangalia na kufuta.